Mti wa Baba, Kuni za Mama

Tarehe 22 Julai 1922, vijana wa Kikuyu walifika kwa maelfu Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kucheza ngoma ambayo babu zao hawakuijua. Aliyeiitisha alikuwa ofisa wa misitu kutoka Uingereza, Richard St. Barbe Baker, akiungwa mkono na Chifu Josiah Njonjo, ambaye mwanawe Charles alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Baker alikuwa ameona kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya mavuno. Alipowashauri wazee kwamba watu wapande miti, walimjibu kuwa miti ni shauri ya Mungu. Basi akaleta wazo la ngoma ya miti. Siku hiyo morani 50 walichaguliwa kati ya waliohudhuria, wakaapa kupanda kila mmoja miche 10 ya miti ya kienyeji kila mwaka na kuitunza miti popote watakapoikuta. Wakaitwa Watu wa Miti, na jina hilo la Kiswahili likavuka bahari pamoja na chama chao.

Walioapa walikuwa wanaume. Jioni kila mmoja wao alirudi kwenye boma ambalo moto wake ulikuwa umewashwa na mama au dada, kwa kuni zilizobebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliokaza kwenye paji la uso. Kiapo kilikuwa cha huyu na mzigo wa yule, na historia ya kuni katika milima ya Kenya, kwa miaka mia moja iliyofuata, imekuwa ikizungukia pengo hilo.

Katika boma la zamani la Wakikuyu, mke alikuwa na nyumba yake na mume alikuwa na thingira, chumba cha wanaume na wageni. Moto uliwaka pote pawili, ila kuni za pote pawili zilitafutwa na mwanamke. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, anaeleza jinsi nyumba ilivyojengwa na kukamilika kwa siku moja, na jinsi moto wa nyumba mpya ulivyotolewa katika nyumba ya zamani kwa taratibu zake. Moto ulirithishwa kama vile jina linavyorithishwa. Chini ya chungu palikuwa na mafiga matatu, na juu ya moto kulikuwa na uchaga, ambapo kuni mbichi zilikaushwa na mbegu zikafukizwa moshi hadi wadudu wakazihama.

Wanawake hao walikuwa wajuzi wa kuni kuliko ofisa yeyote wa misitu. Walijua kwamba mutamaiyo, yaani mzeituni wa porini, huwaka polepole, hutoa joto kali na moshi haba, na kaa lake hulala hadi asubuhi likifunikwa majivu. Walijua kwamba muhuti, wenye maua mekundu ya kupendeza, ni kuni za aibu: laini, nyepesi, moshi mwingi na joto hakuna. Aliyepokea wageni kwa kuni za muhuti alijulikana tangu wakiwa njiani.

Sheria za kuokota zilikuwa wazi pia, ingawa hazikuandikwa. Mti uliosimama ulikuwa na mwenyewe. Tawi kavu lililoanguka lilikuwa la yeyote atakayeinama kuliokota. Mti wa mugumo ulikuwa nje ya hesabu zote. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe huko Nyeri, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota hata kijiti kikavu chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto alitii, akaenda kuokota kwingine. Enzi hizo kwingine kulikuwepo.

Kwingine huko kulianza kupungua kwa sababu ya mlaji mmoja mkubwa asiyewahi kukaa kwenye mafiga: garimoshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na kugusa Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Makaa ya mawe yalipaswa kuletwa kwa meli na bei yake ilikuwa kubwa. Misitu ilikuwa kando ya njia na ilionekana kuwa ya bure. Vichwa vya treni vikala kuni, na stesheni baada ya stesheni milima ikaanza kuwa na upara. Idara ya misitu iliundwa mwaka 1902, na mwaka huohuo mikaratusi ililetwa kwa nia ya kuilisha reli. Mwaka 1903 ukafuata muwati, mti wa Australia uliokuwa umeshashamiri Natal, Afrika Kusini.

(Ethiopia ilikuwa imetangulia. Mfalme Menelik wa Pili alifikiria kuuhama mji wake mpya wa Addis Ababa kwa sababu kuni za vilima vya jirani zilikuwa zimekwisha. Mikaratusi iliyopandwa miaka ya 1890 ndiyo iliyouokoa mji huo. Ni miji mikuu michache duniani inayodaiwa na mti mmoja deni kubwa kiasi hicho.)

Muwati uliletwa kwa ajili ya moto, lakini ngozi yake ndiyo iliyoleta pesa. Gome lake lina dawa ya kulainishia ngozi za wanyama, na viwanda vya ngozi vya Ulaya viliihitaji kwa wingi. Habari zikawafikia wakulima wa Kiambu, Murang'a na Nyeri kwamba kuna mti unaoota wenyewe baada ya shamba kuchomwa, unaorudisha rutuba kwenye udongo kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde, na ambao baada ya miaka saba hadi kumi gome lake linauzwa kwa fedha taslimu. Wakulima hao walikuwa wamefungiwa mlango wa kahawa, zao ambalo serikali ya kikoloni ilitaka libaki mikononi mwa walowezi, hivyo habari hizo zilikuwa habari njema. Kufikia miaka ya 1930 muwati ulikuwa zao kubwa la biashara la Wakikuyu, na Thika ikapata kiwanda cha kukamua dawa ya gome.

Kazi ya muwati ilikuwa na raha yake, na ilikusanya boma zima. Mwanamume aliukata mti wakati wa mvua, gome likiwa bado linateleza. Alilichana chini kwa panga, akalivuta juu nalo likatoka utepe mrefu, kwa mlio wa kitambaa kinachopasuka. Gome lilianikwa, likafungwa mizigo na kupelekwa kwa mnunuzi. Lililobaki chini lilikuwa gogo jeupe, laini kama lililopigwa randa. Kuna miti inayozira shoka. Muwati haumo katika hiyo: hupasuka wima kwa pigo moja, hukauka upesi, na huwaka hata ukiwa na unyevu kidogo. Baba alitaka gome, mama alitaka kuni, na mti mmoja uliwatosha wote wawili. Ukiipitia historia nzima ya kuni mlimani, huenda hiki ndicho kipindi pekee ambacho haja ya mwenye mti na haja ya mwenye jiko zilikutana bila ugomvi. Hata hivyo, sehemu ya magogo hayo ilichomwa mkaa ukauzwa Nairobi, na pesa za mkaa zilikwenda mkono uleule wa pesa za gome.

Muwati ulifanya kazi nyingine ya kimyakimya. Katika nchi ambayo walowezi walikuwa wamemega ardhi, na ndugu walianza kutiliana shaka juu ya kilichobaki, mwenye safu ya miti aliyoipanda alikuwa na ushahidi. Shamba lililolala lingeweza kudaiwa na binamu. Shamba lenye miwati lilikuwa na mtu. Mwaka 1954, kati ya misukosuko ya vita vya Mau Mau, serikali ilitangaza Mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, mipaka ipimwe, hati zitolewe, na Mwafrika aruhusiwe kahawa na chai kwa upana zaidi. Mipaka ilipopigwa, watu waliipanda miti. Mashamba ya miwati yaling'olewa kupisha mibuni na majani chai, na bei ya gome ilipoteremka hakuna aliyejuta sana.

Aliyechukua nafasi ya muwati alikuwa mgeni mwingine wa Australia, mgrevilea, ambao Wakikuyu wanauita mukima. Uliingia kama mti wa kivuli kwenye mashamba ya chai na kahawa, kisha ukahamia mpakani. Ukipita leo Kirinyaga au Embu utauona umesimama mistari mistari, shina refu, kichwani kichaka kidogo. Umbo hilo ni kazi ya panga. Kila baada ya muda kijana hupanda juu, hukata matawi yote ya pembeni na kuacha kilele. Mahindi hupata jua, shina hunyooka hadi lifae kwa mbao, na matawi yaliyoanguka huwa kuni za majuma kadhaa. Kuni za mgrevilea hazina sifa kubwa. Huwaka haraka na kwisha haraka, na mpishi lazima asogeze sogeze. Sifa yake ni kwamba uko hatua ishirini kutoka mlangoni.

Halafu dunia ikaamua kuwa kuni zinakwisha. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, na miaka miwili baadaye mtafiti wa Marekani, Erik Eckholm, akaandika kwamba kuna janga jingine la nishati ambalo matajiri hawalioni: la mwanamke anayetafuta kuni za chakula cha jioni. Wataalamu walichukua idadi ya watu, wakazidisha na kuni ambazo kila mmoja huchoma, wakatoa miti iliyosimama, na jibu likaja la kutisha. Kwa hesabu za namna hiyo, nyanda za juu za Kenya zilikuwa zielekee kuwa jangwa kabla ya karne kwisha.

Aliyelitazama jambo hilo kwa karibu zaidi alikuwa Wangari Maathai. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya aliwasikiliza wanawake wa mashambani wakieleza shida zao, na kuni zilikuwa juu kwenye orodha. Aligundua kitu ambacho hesabu za wataalamu hazikukionyesha: ukosefu wa kuni ulikuwa umebadilisha chakula. Githeri ya mahindi na maharage huchemka kwa saa nyingi. Asiye na kuni huiacha, akawapa watoto mkate mweupe na chai, na watoto wakadhoofu katika nchi yenye rutuba. Tarehe 5 Juni 1977 miche saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, ikawa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Wanawake walianzisha vitalu vyao wenyewe na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliokubali kuota. Maofisa wa misitu walicheka kwamba kupanda miti kunahitaji diploma. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimfikia Maathai mwaka 2004, na miti ya vuguvugu lake imekwisha kupita milioni 50.

Magharibi ya Kenya, mambo yalikuwa na fumbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa utafiti wa kuni uliweka kambi Kakamega, katika nchi ya Waluhya, mojawapo ya sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu barani Afrika. Watafiti, miongoni mwao Peter Bradley na Noel Chavangi, walitumia picha zilizopigwa kutoka angani. Walitarajia kuona upara. Waliona kijani. Tena walipolinganisha, waliona kwamba pale watu walipobanana zaidi na mashamba yalipokuwa madogo zaidi, ndipo sehemu ya shamba iliyopandwa miti ilipokuwa kubwa zaidi. Na bado wanawake wa mashamba hayohayo walilalamika kwamba hawana kuni.

Jibu lilikuwa ndani ya boma. Mikaratusi iliyosimama nyuma ya nyumba ilikuwa ya baba. Ilikuwa nguzo za kuuza, karo ya shule, na akiba ya siku ya msiba, maana mazishi ya Kiluhya yana moto mkubwa unaowaka nje usiku kucha huku waombolezaji wakiuzunguka, na boma lisilo na magogo ya kuukoka hufedheheka. Mama aliweza kuiona miti hiyo kila asubuhi akipita kwenda kutafuta vijiti mbali. Kuikata bila ruhusa kulikuwa kosa. Kupanda yake kulikuwa kosa kubwa zaidi: iliaminika kwamba mwanamke akipanda mti atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Chavangi aliielewa sababu iliyojificha chini ya mwiko huo. Mti ni alama ya kumiliki ardhi, na mke anayepanda mti anasema, bila kufungua kinywa, kwamba ardhi hiyo ni yake pia.

Hapo ndipo mradi ulipofanya jambo la busara. Haukuhubiri dhidi ya mwiko. Uliutafutia mlango wa nyuma. Msesbania, kichaka kinachojiotea katikati ya mahindi, haukuhesabiwa kuwa mti, na wanawake walikuwa wakiuacha ukue tangu zamani. Kaliandra, iliyoletwa kutoka Amerika ya Kati, ilikuwa ngeni mno kiasi kwamba mwiko haukuwahi kuitaja. Vyote viwili hukua haraka, hukatwa na kuchipua tena, na hutoa vijiti vyembamba vinavyoingia kwenye mafiga bila kuhitaji shoka. Wanawake wakavipanda. Pamoja na hayo yakaletwa maigizo na filamu, ambapo mume na mke waligombana jukwaani juu ya kuni na wanakijiji wakacheka kwa kujitambua. Utafiti mwingi wa maendeleo wa miaka hiyo ulizikwa makabatini. Huu ulistahili kusomwa na kila anayegawa miche.

Machakos nako kulikuwa na mshangao wake. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandikia nchi ya Wakamba taarifa ya kifo: udongo unakwenda na maji, miti imekwisha, watu wamezidi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi na picha zilizopigwa mwaka 1937 wakasimama palepale na kamera mwaka 1991. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na miti ilikuwa imeongezeka pia, kwenye matuta, mipakani na karibu na nyumba. Kitabu chao cha mwaka 1994 kiliwachanganya wengi. Kumbe watafutao kuni hawakuwa wakingoja misitu iishe. Walikuwa wakipanda kwao.

Upande wa jiko, mafundi nao hawakulala. Jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na moyo wa udongo lilienea mijini tangu miaka ya 1980, likifyatuliwa na mafundi wa jua kali. Mashambani kulikuja jiko la udongo la kuni, na moja likapewa jina la Kuni Mbili, ambalo ni tangazo la biashara tosha. Moshi ulipungua lakini haukwisha. Waliopika miaka arobaini katika nyumba isiyo na dirisha wanajua kilichowapata machoni na kifuani, na anayesifia harufu ya moshi wa jikoni bila kuwataja hao ameona upande mmoja tu.

Siku hizi mshindani wa mama kwa kuni ni lori. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo hukausha majani kwa boila za kuni, na nje ya kila kiwanda, kutoka Kiambu hadi Kisii, kuna rundo la mikaratusi refu kama ukuta. Shule za bweni nazo hupikia mamia ya wanafunzi kwa magogo. Mkulima mwenye robo ekari ya mikaratusi ana mteja anayelipa, na mwenye nyumba hubakiwa na kazi anayoipenda: kupasua vilivyokataliwa na mnunuzi. Kazi hiyo ina maarifa yake. Mkaratusi hupasuliwa ukingali mbichi, kwa kuwa ukishakauka nyuzi zake hujisokota na shoka hurudi mikononi kama limepiga jiwe. Gogo lenye fundo huanzwa pembeni, kwa kabari na nyundo. Vipande hupangwa chini ya upenu, upepo upite kati yao, na mzee aliyestaafu Nairobi akarudi kijijini huweza kumaliza asubuhi nzima hapo, akiamini anafanya mazoezi.

Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zilimtaka mwenye shamba atenge angalau asilimia 10 kwa ajili ya miti. Serikali sasa ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 2023 ilitangaza siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande. Wakati huohuo, sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya za Kenya bado zikipika kwa kuni, zikiwa mara mbili na zaidi ya zile zinazopikia gesi. Miche inahesabiwa vizuri. Nani ataruhusiwa kukata tawi, hakuna fomu inayouliza. Anayekusudia kupanda masika haya amuulize kwanza mwenye jiko anataka mti gani, aupande upande wa jikoni, na aseme mbele ya watoto kwamba huo ni wa mama yao.